Prefe na Mashini Yenye Ilikatala Kutoa Maji

Hapana, ngoja kwanza. Weye unasema Prefe aliua mashini ya materinite, fasi wamama wanazalia. Ulimuona? Hukumuona, ulisikia. Na ulisikia kwa nani? Kwa wale wanakaa ku kona ya Nyamianda kutwa nzima wanatengeneza telefone za watu na midomo. Minye nilikuwa mulemule, tumbo chini ku simenti, mukono mu mashini mpaka ku bega, siku nzima. Na mashini haikukufa. Pita pale leo, utaisikia inanguruma. Kama unataka kumuongea Prefe, kaa, nikuambie ni muntu gani, halafu utaongea.

Sitakuambia alizaliwa wapi ao baba yake ni nani. Sijui, na sikumuuliza. Tunamuita Prefe juu zamani aliongoza masomo na alifundisha fizike. Siku aliacha masomo, jina ilikatala kubaki kule, ikamufuata nyumbani. Tangu pale anatengeneza kila kitu yenye maji inapita ndani: frigo, pompi, mashini ya kufua, mashini ya kukausha. Minye nimefanya kazi naye miaka minane. Sikusomea hii kazi. Nilijifunza mu telefone, video moja, video ingine, na katikati nikibomoa vitu ya watu. Njo maana ananiita Injenieri wa Telefone, mbele ya wateja, bila kucheka.

Kitu ya kwanza ya kujua: anachelewesha. Unamuita juu frigo yako haigandishe, soda zimekuwa moto sawa chai, wateja wanaenda kwa jirani. Anafika. Anasalimia nyumba nzima, muntu moja moja, anauliza goti ya bibi iko namna gani. Anaomba kiti. Si turnevisi ya kufungua vis, kiti. Anakaa mbele ya frigo sawa muntu mwenye amekuja kuona mugonjwa. Minye nimesimama nyuma na sanduku ya vyombo, jasho inashuka, mwenye frigo ananiangalia sawa ni minye nimemukosea. Halafu Prefe anauliza, paka ile swali moja, kwa frigo, kwa pompi, hata kwa choo yenye imeziba:

"Inatoka wapi, inataka kuenda wapi?"

Muntu akijibu "Sijui, Prefe, njo maana nilikuita," anafurahi. Anatoa choki.

Ile choki. Iko mu mufuko ya shati siku zote, kipande tatu ao ine, na ikinyesha mufuko yote inakuwa uji mweupe. Anachora mishale. Anachora ku mashini, ku ukuta, ku mulango ya watu. Siku moja tulienda Luberizi, kwa muntu wa mashini ya kukoboa mupunga. Moteri yake ilikuwa inapata moto, inakufa kila saa, na wamama walikuwa mustari mpaka ku barabara na mifuko yao. Prefe akachora ukuta mzima: hapa maji inaingia, hapa inabeba moto, hapa inataka kutoka. Mwenye mashini akasema, "Muzee, nilikuita kutengeneza, sikukuita kufundisha."

Prefe akamuonesha mustari. "Hawa hawako na kazi sasa. Waache wasikie."

Na walisikia. Mama moja akauliza hata swali. Minye nilitaka simenti inimeze. Halafu Prefe akafuata mushale na kidole, pole pole, akagusa fasi moja. "Fungua hapa, Injenieri." Nikafungua. Ilikuwa imejaa pumba ya mupunga, imekamatana sawa mukate. Njo ile. Moteri ikafanya kazi mpaka leo, na mishale iko palepale ku ukuta, mwenyewe anakatala ipakwe rangi.

Unaona shida yangu? Angekuwa anakosa, ningemuacha mwaka ya kwanza. Lakini yule muzee anakuchosha, anakuchosha, na mwisho ni yeye mwenye haki.

Na points. Nilisahau points. Kila kazi ikiisha ananipa points ku makumi mbili, sawa niko mutoto wa masomo. "Saba." "Tisa, lakini mikono yako ni michafu." Siku moja nilitengeneza frigo ya muntu peke yangu, yeye amelala na malaria. Nikaenda kumuambia ku kitanda. Akauliza maswali tatu, akafunga macho, akasema, "Kumi na moja." Nilitoka nikapiga mulango. Asubuhi nilirudi na maembe. Usiniulize juu ya nini.

Sasa nikuambie ubaya wake, juu minye sitaki useme nimeficha. Prefe hajue kusema "nilikosa." Ile neno haikuingia mu kinywa yake. Kila siku anasema fundi mwenye haambie watu kosa yake ni mwizi, anasema vile na kidole juu. Yeye mwenyewe? Aliunga radio ya jirani vibaya mbele ya macho yangu, moshi ikatoka. Mwenye radio akalia. Prefe akaiangalia ile radio sawa imemutukana, akasema, "Hii moshi ilikuwa ndani tangu zamani." Miaka minane, sikusikia "nilikosa" hata siku moja. Lakini minye nikikosa, ananifanya niiseme mara mbili, ya pili kwa sauti.

Ubaya wa pili ni mupira. Anahubiri kila kitu ifungwe na kifaa yake: kolie ya kubana kwa tiyo ya maji, vis kwa bati. Lakini mu mufuko ya suruali anatembea na vipande vya mupira ya ndani ya tairi ya velo, amevikata vyembamba, na akiwa na haraka anafunga navyo kila kitu. Anazungusha mara tatu, anavuta na meno, halafu fundo inaangalia kushoto, juu mukono yake ni ya kushoto. Hakuna muntu ingine hapa mwenye anafunga vile. Ukikuta ile fundo ku tiyo, umekuta sahihi yake.

Na maji. Weye unajua, hapa kwetu hakuna muntu mwenye anaacha maji wazi, kipindupindu imetufundisha. Lakini Prefe amepitisha kipimo. Anaingia mu nyumba yako, mbele ya kusema jambo amefunga bido yako, ile dumu ya maji. Ku kilio ya watu, watu wanalia, yeye anazunguka nyuma ya nyumba anafunika mabeseni. Halafu huyohuyo utamukuta kando ya barabara anakunywa chai mu kikombe yenye wameosha mu beseni moja tangu asubuhi. Nikimuambia, anasema ile ni chai.

Juu ya maji aliniambia kitu mara moja tu. Tulikuwa juu ya lori, tunatoka Kamanyola, na alikuwa anaangalia mashamba, hakuniangalia minye. Alisema mwaka moja kipindupindu ilichukua watoto wawili wa masomo yake, wa darasa moja. Pipa ya maji ya lile darasa ilikuwa wazi. Mufuniko ilikuwa mu chumba ya biro yake, mukono ya ule mufuniko ilikuwa imevunjika, alikuwa anangojea muntu wa kuitengeneza.

Nikangoja aendelee. Akasema tu, "Mufuniko ilikuwa mu biro." Tukafika Uvira, akashuka, akaenda kwake.

Sawa. Sasa mashini.

Materinite iko na mashini ya kukausha nguo yenye ndugu za Masera waliituma kutoka Ulaya, na kitabu yake ya luga yenye hakuna muntu anasoma. Masera, mutawa wa kanisa, njo mukubwa wa materinite. Wakati wa mvua ile mashini ni kila kitu: mashuka ya wazazi, wamama wenye wamezaa, nguo ya watoto, vyote haikauke inje hata siku tatu. Inafanya kazi hivi, na hii ni Prefe alinifundisha, si telefone: inapasha nguo moto, mvuke inatoka, inapita fasi ya baridi inageuka maji, maji inashuka chini ya mashini mu sahani moja. Pale kuko pompi kidogo. Inasukuma maji mu tiyo, maji inaenda inje. Sahani ikijaa, kitu moja inaelea inapanda, taa nyekundu inawaka, mashini inasimama yenyewe.

Wengine wangeacha ile maji imwangike. Prefe alikatala. Alisema maji yenye imetoka mu mvuke haina chumvi, ni maji ya batri. Materinite iko na batri za sola, zenye zinawasha taa ya chumba ya kuzalia. Akapitisha tiyo mu ukuta, akaweka bido inje, maji ikaanza kuingia mule. Mwaka mzima hawakutafuta tena maji ya batri. Alikuwa na majivuno juu ya ile bido kuliko juu ya watoto wake. Na Masera alimupa ufunguo ya chumba ya mashini. Prefe aliuvaa mu shingo.

Halafu mu hii mvua yenye imepita, taa nyekundu ikaanza. Nguo mara ya kwanza inakauka vizuri. Mara ya pili, katikati, taa. Mashini imesimama, mashuka iko moto na iko majimaji. Mama wa kufua anangoja, anawasha tena, taa. Watu wakaanza kusema. Prefe alikuwa amegusagusa ile mashini, macho yake imeingia ukungu, haone tena vis, ameiharibu. Walisema mbele yangu. Nikajibu, na mambo yenye nilijibu sitaisema hapa.

Masera alituita asubuhi. Si muntu mubaya, ni muntu mwenye amechoka. "Prefe," akasema, "wazazi watatu wanalalia vikwembe vyao vya kuvaa, juu sina shuka kavu hata moja. Nakupa mpaka jioni. Ikikatala, kesho vijana wanaitoa mu chumba, na ufunguo utanirudishia. Usikasirike."

"Nikasirike juu ya nini?" Prefe akasema. "Leteni kiti."

Kiti ikaletwa. Nikaanza. Nilifanya kila kitu yenye telefone inasema. Sanduku ya maji ya juu, yenye hatutumie tangu tiyo iko, nikaitoa, nikairudisha mpaka ikalia. Chujio ya manyoya ya nguo, safi. Nikaweka mashini sawa ku simenti, na kopo ya maji juu yake kuangalia kama imeinama. Nikafungua chini, nikatoa pompi. Ilikuwa na manyoya ya nguo imezunguka sawa ndevu. Nikafurahi, nikasema njo hii. Nikaosha, nikarudisha.

"Ngapi?" nikauliza.

"Mashini haijajibu," Prefe akasema. "Unataka points ya nini?"

Tukawasha. Nguo za kwanza, vizuri. Za pili, taa nyekundu.

Nikarudi chini. Na hapa njo karibu nipige ile mashini teke. Nilikausha sahani na kitambaa, kavu kabisa. Nikageuka kuchukua turnevisi, nikarudi: maji. Umeme imezimwa, mashini imezimwa, maji iko mu sahani. Nikakausha tena. Ikarudi, pole pole, sawa inanicheka. Mama wa kufua akachungulia juu ya bega yangu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii si ya fundi tena," akasema. "Hii ni ya maombi."

"Mama, toka kwanza."

"Minye natoka. Lakini iko maji yenye haina kwenye inatoka."

Prefe ku kiti yake akasema, "Inatoka wapi, inataka kuenda wapi?"

Nikashindwa. Nilimuambia, Prefe, niko chini tangu asubuhi, magoti yangu imekufa, Masera anahesabu saa, wale wa ku kona wanangoja kucheka, na weye uko na swali moja tangu nilikujua. Acha swali. Nisaidie ao nyamaza.

Hakukasirika. Hiyo ilinichoma kuliko kofi. Akatoa choki, akainama na shida, akatafuta na mukono juu hakuona vizuri, akachora mushale ku ubavu ya mashini, kutoka ku sahani mpaka ku pompi, kutoka ku pompi mpaka ku tiyo, kutoka ku tiyo mpaka ku ukuta. Pale ku ukuta akasimamisha choki.

"Na huku?" nikauliza.

"Huku ni bido," akasema. "Bido ni muzuri. Niliifunga minyewe."

Nilikuwa na hasira, njo maana nilitoka. Sikutoka juu ya akili. Nilitoka kupumua. Nikazunguka nyumba, nikaikuta bido. Ilikuwa imevimba. Tumbo yake yote ilikuwa inje, sawa mbuzi mwenye amekula muhogo mubichi. Nilikuwa nimeiona vile asubuhi, nikasema ni jua. Na ku shingo yake, fasi tiyo inaingia, zamani tulikuwa tunaweka kitambaa tu. Sasa kulikuwa mupira ya velo. Mara tatu. Umekazwa na meno. Fundo inaangalia kushoto.

Umeelewa? Kipindupindu ilikuwa imerudi mu kartie yetu, muntu alikuwa amezunguka anafunga kila bido, akafunga na hii. Aliifunga vizuri sana, upepo haikuwa na fasi ya kutoka. Maji ya kwanza inaingia. Upepo ndani inabanana. Pompi kidogo inasukuma, inasukuma, inashindwa, na mashini ikizima, upepo inarudisha maji yote mu tiyo mpaka chini. Maji haikuwa na pepo. Ilikuwa inarudia kwenye ilitoka juu kwenye inataka kuenda, ni Prefe amefunga.

Na maji ya batri, hakuna muntu anakunywa.

Nilisimama pale. Miaka minane ya "saba" na "tisa, mikono yako ni michafu." Sasa nilikuwa nimemukamata. Ningemuita inje, ningemuuliza mbele ya watu, Prefe, inatoka wapi? Na nilitaka. Sitakudanganya, nilitaka sana. Halafu nikakumbuka ile lori ya Kamanyola, na mufuniko mu biro.

Nikakata mupira. Pssss, upepo ikatoka sawa tairi, na mu tiyo nikasikia maji inashuka ndani ya bido, glu glu glu. Nikaweka mupira mu mufuko yangu, nikaweka kitambaa, nikarudi.

Masera alikuwa amefika, amesimama ku mulango, na Mama wa kufua nyuma yake. Tukawasha. Nguo za kwanza. Za pili. Za tatu. Taa haikuwaka. Mama wa kufua akatoa shuka, akaiweka ku shavu, akaipeleka mbio bila kuaga.

"Ilikuwa nini?" Masera akauliza.

"Pompi," nikasema. "Ni minye niliirudisha vibaya mara ya kwanza. Nilikosa."

Nilisema vizuri. Minye najua kuisema, nilifundishwa.

Prefe alikuwa bado ku kiti. Halafu akanyoosha mukono, ule wa kushoto, kiganja juu.

"Rudisha mupira yangu," akasema.

"Mupira gani, Prefe?"

"Nilisikia upepo. Macho njo imezeeka, masikio bado. Rudisha."

Nikautoa. Akaugusa na vidole, akatafuta fundo, akaikuta.  Kisha akasimama. Akamuangalia Masera fasi alifikiri macho yake iko.

"Masera, pompi iko muzuri tangu asubuhi. Ni minye. Nilifunga bido, sikuacha fasi ya upepo. Nilikuwa nafundisha ile kitu darasa ya tatu. Nilikosa."

Akaisema tena, kwa sauti. Wagonjwa wa ku veranda walisikia. Njo vile wale wako wa ku kona walipata habari: si kwa kumukamata. Aliwapa yeye mwenyewe.

Akatoa ufunguo mu shingo. Masera akasema, "Prefe, si lazima leo." Akajibu, "Uliniambia jioni." Akauweka ku mashini, kando ya mushale. Masera akauchukua, akaunyoosha kwangu. Nikarudisha mikono nyuma. Nikasema minye siutake, mwenye chumba ni mwenye alichora mushale.

"Pokea, we mupumbavu," Prefe akaniambia. "Kesho mashuka itakaushwa na kiburi yako?"

Nikapokea. Njiani nilikuwa na hasira na kila muntu, na yeye zaidi. Tulipofika karibu ya kwake akasimama.

"Leo kumi na tano," akasema.

"Kumi na tano? Nimepata kosa yenye weye ulishindwa kupata."

"Ulikuwa na makumi mbili. Tano nimeondoa juu ya uongo ya pompi."

Akaingia. Nikamusikia mule ndani, mbele ya kuvua viatu, anafunika bido.

Ufunguo ni minye ninao. Kila jumatatu naenda materinite na yeye, anakaa ku kiti, ananichosha, na asiyetaka ajaribu kumutoa. Basi, unasema Prefe amekwisha. Sawa. Na weye, mara ya mwisho ulisema "ni minye, nilikosa," mbele ya watu, kwa sauti, bila muntu kukukamata, ilikuwa siku gani?